Kibofu Kinachouma kwa Miaka: Kichocho, Bangi na Tiba Iliyopo Pwani ya Lindi

Kanabinoidi ni kemikali zinazopatikana katika mmea wa bangi, na nyingine za jamii hiyo hutengenezwa na mwili wa binadamu wenyewe. Za mmea zinazotajwa zaidi katika tiba ni mbili: THC, ambayo hulevya, na CBD, ambayo hailevyi. Katika nchi kadhaa zimetengenezwa kuwa dawa, na miongoni mwa wanaozitumaini ni watu wenye maumivu sugu ya kibofu cha mkojo. Hayo ni maumivu yanayokaa chini ya kitovu wiki baada ya wiki, yanayozidi kibofu kinapojaa na kupoa kidogo baada ya haja ndogo, huku mgonjwa akienda msalani mara kwa mara mchana na kuamka mara kadhaa usiku. Pwani ya Lindi, kuanzia Somanga na Kilwa Kivinje hadi Mchinga na Lindi Mjini, bangi haimo katika tiba ya hospitali, lakini sifa zake huwafikia watu kupitia simu, na wapo wanaoivuta kimya kimya kwa ajili ya maumivu. Mgonjwa anayeuliza kama itamsaidia anastahili jibu kamili. Kwa mkazi wa ukanda huu jibu hilo linaanzia kwenye kichocho, kwa kuwa huo ni ugonjwa wa kibofu ulio wa kawaida hapa, unaopimika kwa gharama ndogo na unaotibika.

Kichocho cha mkojo huletwa na minyoo waitwao Schistosoma haematobium, ambao daktari Mjerumani Theodor Bilharz aliwatambua Kairo mwaka 1851. Minyoo wazima huishi ndani ya mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Jike hutaga mayai yenye mwiba mmoja nchani, na mayai hayo hupenya ukuta wa kibofu ili yatoke na mkojo. Mengi hayatoki. Hunasa katika nyama ya ukuta, mwili huyazingira kwa uvimbe, uvimbe hugeuka kovu, na miaka ikipita kovu huweza kushika chokaa ikaonekana hata kwenye picha ya eksirei. Daktari akichungulia kwa kamera huona mabaka yenye rangi ya mchanga. Kibofu kilichofikia hapo husinyaa na kukakamaa, hubeba mkojo mchache, na huuma kila kinapotanuka.

Minyoo hao huhitaji konokono wa maji baridi wa jenasi ya Bulinus ili wakamilishe maisha yao. Maji ya bahari hayawafai konokono hao, hivyo mvuvi hapati kichocho akiwa baharini, hata akishinda majini kutwa nzima. Hukipata kwenye lambo anakooga akirudi, kwenye kijito, kwenye jaruba la mpunga, kwenye madimbwi yanayobaki kandokando ya mito kama Matandu, Mavuji, Mbwemkuru na Lukuledi mvua zinapokatika. Lava hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha kwa dakika chache tu. Watoto wanaoogelea, wanawake wanaofua na kuchota maji, na wakulima wa mpunga ndio walio hatarini zaidi. Minyoo huweza kuishi mwilini miaka mingi, na wameonekana waliodumu kwa miongo. Kwa hiyo mzaliwa wa Kilwa anayeishi Dar es Salaam, Muscat au London anaweza kuumwa leo kwa maji aliyoogea utotoni, mbele ya daktari ambaye hakuwahi kuona kichocho na hatafikiri kukipima asipotajiwa.

Kampeni za kumeza dawa za kichocho Tanzania zimelenga zaidi watoto wa shule. Mpango huo umewasaidia wengi, ila umewaacha pembeni watu wazima: mama wa miaka arobaini anayelima mpunga, kijana aliyeacha shule mapema, mzee anayeogea lamboni. Hao hawafuatwi na dawa shuleni. Inawabidi waifuate zahanati wenyewe na kuomba waziwazi kupimwa kichocho, wakieleza maji waliyoyatumia maishani na siyo ya mwezi uliopita tu.

Kipimo kina utaratibu wake, na kikifanywa ovyo hudanganya. Mayai hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa hiyo mkojo wa alfajiri haufai sana. Mgonjwa atembee kwa haraka kidogo kabla ya kutoa mkojo, na ahakikishe matone ya mwisho yameingia chupani, kwa sababu ndiyo yenye mayai mengi. Maabara huuchuja mkojo au kuuacha utulie kisha kuutazama kwa darubini. Kijikaratasi cha kupima mkojo huonyesha damu isiyoonekana kwa macho, na katika eneo lenye kichocho damu hiyo ni dalili kubwa. Jibu moja la kutoonekana mayai halimalizi mambo, kwani kwa mtu aliyeugua muda mrefu mayai huwa machache na hayatoki kila siku. Kipimo kirudiwe siku nyingine mbili tatu, na pakiwezekana ipigwe picha ya mawimbi ya sauti, ambayo huonyesha unene wa ukuta wa kibofu na kama figo zimeanza kujaa maji.

Dawa yake ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Vidonge huwa vya miligramu 600, kwa hiyo mtu wa kilo 60 humeza vinne kwa mara moja, akiwa amekula. Kizunguzungu, kichefuchefu na tumbo kusokota hutokea na hupita ndani ya siku moja. Dawa hii huua minyoo wazima lakini haiwawezi walio wachanga, na ndiyo maana mkojo hupimwa tena baada ya wiki sita hivi na dozi kurudiwa ikihitajika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unaruhusu apewe pia mama mjamzito baada ya miezi mitatu ya kwanza, na anayenyonyesha. Baada ya dawa damu hukoma mapema kuliko maumivu. Ukuta uliovimba huchukua miezi kutulia, na kovu lililokwisha kukomaa haliondoki. Mgonjwa aelezwe hivyo tangu mwanzo, asije akadhani dawa imeshindwa na kuanza kuhangaika kwingine.

Kwa wanawake kuna jambo linaloumiza zaidi ya maumivu yenyewe. Mayai yaleyale hunasa katika shingo ya kizazi na uke, yakaleta kutokwa damu baada ya tendo la ndoa, uchafu na maumivu ya nyonga. Mara nyingi dalili hizo huhesabiwa kuwa ugonjwa wa zinaa. Mwanamke hupewa antibiotiki duru baada ya duru, naye husingiziwa uzinzi nyumbani kwa ugonjwa alioupata akichota maji. Mhudumu wa afya anayemwona mwanamke wa namna hiyo katika wilaya zenye kichocho ana wajibu wa kukitaja, na mume ana haki ya kuelezwa ukweli huo, mkewe akiridhia.

Si kila kibofu kinachouma kina kichocho. Maambukizi ya bakteria, ambayo wengi huyaita yutiai, yapo na huleta mkojo unaochoma, lakini mtu aliyekwisha kumeza dozi tatu nne kutoka duka la dawa bila nafuu hahitaji dozi ya tano. Anahitaji mkojo wake uoteshwe maabara ili ijulikane kama kuna bakteria na dawa gani itawaua. Mkojo wenye usaha usioota bakteria wa kawaida huamsha shaka ya kifua kikuu cha njia ya mkojo. Mawe, kisukari na tezi dume nazo zina sehemu yake. Juu ya yote iko saratani. Wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani uliwaweka minyoo wa kichocho cha mkojo katika kundi la visababishi vya uhakika vya saratani mwaka 1994, na aina wanayoileta kwenye kibofu huwapata watu wakiwa bado na nguvu za kufanya kazi. Mabonge ya damu kwenye mkojo, kukonda bila sababu, au damu isiyo na maumivu kwa mtu aliyevuka miaka arobaini havisubiri msimu wa korosho uishe. Njia ya rufaa ipo: kutoka zahanati au kituo cha afya hadi hospitali ya wilaya ya Kinyonga iliyoko Kilwa Kivinje, au hospitali ya Nyangao kwa walio upande wa Mtama, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa ya Sokoine iliyoko Lindi, na kwa uchunguzi wa kamera na upasuaji mkubwa, Muhimbili.

Hubaki kundi la watu waliopimwa yote hayo bila kuonekana kitu, au waliotibiwa kichocho kikaisha, na bado wanaumwa. Pasipo maambukizi wala sababu nyingine, maumivu yakizidi wiki sita, madaktari huita hali hiyo dalili za kibofu chenye maumivu. Kwa baadhi yao kamera huonyesha vidonda vyekundu ambavyo daktari Mmarekani Guy Hunner alivieleza zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Kwa wengi haionyeshi kitu. Maumivu hayo si ya kujitungia. Neva za kibofu na uti wa mgongo zilizochokozwa muda mrefu huendelea kutuma taarifa ya maumivu hata kisababishi kikiwa kimeondoka, na hapo ndipo wazo la kutumia kanabinoidi lilipopata mantiki.

Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni waliitenga THC mwaka 1964. Kipokezi chake cha kwanza mwilini, CB1, kilitambuliwa mwaka 1988, na cha pili, CB2, mwaka 1993. Katikati yake, mwaka 1992, ilipatikana anandamidi, kemikali ambayo mwili huitengeneza wenyewe, nayo hujifunga kwenye vipokezi hivyohivyo. CB1 hukaa zaidi kwenye neva na ubongo, na kikiamshwa hupunguza taarifa ya maumivu inayopita. CB2 hukaa zaidi kwenye chembe za kinga na hutuliza uvimbe. Vyote viwili vimeonekana katika ukuta wa kibofu. Kwa panya waliochokozwa kibofu kwa kemikali, dawa zinazoamsha CB2 zilipunguza uvimbe na maumivu. Hadi hapo matumaini yana msingi.

Kwa binadamu habari hubadilika. Majaribio makubwa yanayohusu kanabinoidi na kibofu yalifanywa kwa wagonjwa wa ukakamavu wa neva uitwao maltipo sklerosisi, na yalihesabu kushindwa kuzuia mkojo, siyo maumivu. Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2006, matukio ya kutokwa mkojo kwa haraka yalipungua kwa asilimia 38 kwa waliopewa dondoo ya bangi, asilimia 33 kwa waliopewa THC, na asilimia 18 kwa waliopewa kidonge kitupu. Mwaka 2010 dawa ya kupuliza mdomoni iitwayo Sativex ilijaribiwa kwa wagonjwa 135 wa aina hiyo. Safari za msalani zilipungua, lakini lengo kuu, yaani kupunguza matukio ya kutokwa na mkojo, halikufikiwa. Kwa wagonjwa wa kibofu chenye maumivu wenyewe, hakuna jaribio kubwa lililokamilika na kuonyesha kuwa kanabinoidi zinawaponya au zinawatuliza kuliko kidonge kitupu. Chama cha kimataifa cha utafiti wa maumivu kilitamka mwaka 2021 kwamba hakiungi mkono matumizi ya jumla ya kanabinoidi kwa maumivu, kwa uhaba wa ushahidi. Mwaka huohuo jopo lililochapisha mwongozo katika jarida la tiba la Uingereza lilipendekeza, kwa uzito mdogo, kwamba mgonjwa wa maumivu sugu aliyekwama anaweza kujaribu zisizovutwa, huku akifuatiliwa na daktari. Hapo ndipo sayansi iliposimama, na anayemwambia mgonjwa zaidi ya hapo anamuuzia kitu.

Hatari iliyo kubwa zaidi kwa mkazi wa Kilwa hutokana na kile ambacho bangi inakifanya vizuri. Inaweza kupunguza makali ya maumivu bila kugusa chanzo. Haiui mnyoo, haiui bakteria wa kifua kikuu, haizuii saratani kukua. Mtu aliyejituliza mwaka mzima kwa moshi huja hospitalini kibofu kimekwisha kusinyaa, figo zimejaa maji, au uvimbe umeshapita mahali pa kukatwa. Moshi wenyewe una madhara, na bangi mara nyingi huchanganywa na tumbaku, ambayo ni kisababishi kikuu cha saratani ya kibofu duniani. Bangi ya mtaani haina kipimo: kiasi cha THC hutofautiana kifurushi kwa kifurushi, na anayevuta hajui leo amepata dozi gani. Kuna pia athari za kulevya, mapigo ya moyo kwenda mbio, woga, na kwa vijana na wenye historia ya maradhi ya akili katika familia, hatari ya kurukwa na akili. Mjamzito hapaswi kuigusa kabisa. Mwendesha bodaboda na nahodha wa dau wanabeba roho za watu wengine.

Sheria nayo haina utata. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kulima, kumiliki, kuuza na kutumia bangi Tanzania Bara, na adhabu zake ni pamoja na vifungo virefu. Mamlaka inayosimamia sheria hiyo imekuwa ikiteketeza mashamba mwaka hadi mwaka. Ni kweli kwamba mwezi Desemba 2020 tume ya Umoja wa Mataifa iliiondoa bangi katika orodha ya dawa kali zaidi zisizo na faida ya tiba, kwa kura 27 dhidi ya 25, na kwamba Lesotho, Zimbabwe, Malawi na Rwanda zimeruhusu kilimo chake chini ya leseni. Kura hiyo haikubadilisha sheria ya Tanzania, na maumivu ya kibofu si utetezi mahakamani.

Mafuta ya CBD yanayouzwa kwa mtandao huonekana kuwa njia ya kati. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walipima bidhaa 84 za aina hiyo zilizonunuliwa mtandaoni. Ni 26 tu zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa kwenye lebo, na 18 zilikuwa na THC. Anayeagizia chupa kama hiyo Tanzania huenda ananunua kosa la jinai bila kujua. Jamaa aliye ughaibuni ambako mafuta hayo yanauzwa dukani asimletee mzazi wake kama zawadi, na anayepitia Muscat au Dubai asiyafunge begini: sheria za Oman na za Falme za Kiarabu ni kali sana kwa chochote chenye bangi, na cheti cha daktari wa nchi nyingine si kinga ya kutegemewa.

Nafuu iliyo halali na iliyo karibu ipo, ingawa huja polepole. Amitriptilini, dawa ya zamani na ya bei ndogo, hutuliza neva na hupunguza safari za usiku. Huanzwa kwa miligramu 10 wakati wa kulala na kuongezwa taratibu na daktari. Hukausha mdomo, huleta usingizi na kufunga choo, na mzee mwenye tezi dume huweza kuzibiwa mkojo nayo, kwa hiyo haifai kuazimana. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa na kuwekwa chini ya kitovu husaidia usiku. Misuli ya nyonga ya mtu anayeumwa hukaza muda wote, na mazoezi ya kuilegeza, kwa kupumua kwa kina huku magoti yamekunjwa, yana faida kuliko yale ya kuibana.

Chakula kina mchango mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kahawa chungu ya barazani, chai ya rangi iliyokolea, soda, pilipili, ndimu, nyanya nyingi, achari na embe mbichi huwachokoza wengi, ila si wote na si kwa kiasi kimoja. Mgonjwa aviache vyote kwa wiki tatu nne, kisha avirudishe kimoja kimoja kwa siku kadhaa, akiandika katika daftari alichokula, mara alizokwenda msalani na ukali wa maumivu. Daftari hilo humfaa daktari kuliko maelezo ya kukumbuka. Maji yanywewe ya kutosha, kwa vikombe vilivyosambazwa siku nzima. Kujinyima maji ili kupunguza safari huukoleza mkojo na kuzidisha kuungua. Kibofu kilichozoea kila nusu saa hufundishwa kusubiri kwa kuongeza dakika chache kila wiki. Mwezi wa Ramadhani humpa mgonjwa huyu mtihani wa peke yake. Anayefunga agawe maji kati ya futari na daku badala ya kuyanywa kwa mkupuo, aanze na kisicho na ndimu, na azungumze na daktari wake na sheikhe wake mapema, kwani mgonjwa ana ruhusa yake.

Mwenye saratani ana njia nyingine. Mofini ya kunywa, ambayo Taasisi ya Saratani ya Ocean Road imekuwa ikiitumia kwa miaka mingi, ni halali, ina kipimo na huandikwa na daktari. Familia nyingi huiogopa zaidi ya zinavyoogopa bangi ya kificho, na wagonjwa hufa kwa maumivu yaliyokuwa na dawa.

Anayeitumia bangi tayari amwambie daktari au mhudumu anayemtibu, bila kuzungukazunguka. Taarifa hiyo ni ya tiba, nayo inabadilisha maamuzi. CBD huzidisha nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hadi kuleta hatari ya kuvuja damu, na huongeza kiwango cha baadhi ya dawa za kifafa. Rifampisini, inayotumika kwa kifua kikuu, huondoa THC na CBD mwilini kwa kasi, na mvutaji huweza kuongeza kiasi akitafuta nafuu ileile. Pamoja na amitriptilini, usingizi na kizunguzungu hujumlishana. Kutapika kusikoisha kwa mtu anayevuta kila siku kunaweza kutokana na bangi yenyewe, na hukoma akiiacha. Mtumiaji wa siku nyingi akiacha hupata wiki moja au mbili za kukosa usingizi na hasira, na katika siku hizo maumivu ya kibofu huonekana kama yamerudi upya. Mkojo ukikataa kutoka kabisa, homa kali ikiungana na maumivu ya kiunoni, au damu ikitoka na mabonge, aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, na aseme alichovuta au kumeza kabla ya kuchomwa sindano yoyote.